"Figo Kidogo": Uchambuzi wa Kisa cha Mbwa Mzee Aliyepata Nyumba ya Pili

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea Arusha, katika kituo kidogo cha kuhifadhi wanyama ambako ninajitolea kuwatafutia mbwa walezi. Nimekiandika kwa ajili ya watu wawili: anayefikiria kumchukua mbwa mzee mwenye maradhi, na yule anayefanya kazi kama yangu ya kumkabidhi. Majina yote yamebadilishwa, ya watu na ya mbwa, na mtaa sikuutaja. Mbwa nimempa jina la Simba, ambalo mbwa wengi nchini wanalo. Mama niliyemwita Rehema amesoma maandishi haya na kuridhia yatoke.

Simba alikotoka

Alikuwa mbwa wa mzee mmoja aliyeishi peke yake. Mzee alifariki mwezi Machi. Baada ya arobaini watoto wake wakauza kiwanja, nyumba ikavunjwa, lori likabeba kila kitu hadi milango na mabati. Mbwa hakuna aliyemkumbuka. Alibaki palepale, akilala kwenye kivuli cha nguzo iliyosalia ya geti, na mlinzi wa nyumba ya jirani akawa anamtupia ugali kila usiku. Mlinzi huyo ndiye aliyetupigia simu mwishoni mwa Mei. "Amekonda," alisema, "na leo pua inamtoka damu."

Tulimkuta amelala ubavu. Hakubweka wala hakukimbia. Alijaribu kuinuka, miguu ya nyuma ikamgomea, akakaa tena chini huku akitutazama usoni, mmoja baada ya mwingine, kama anayemtafuta mtu fulani kati yetu.

Vipimo vilisema nini

Daktari alikadiria umri wake kuwa miaka 10 au 11. Mdomo ulikuwa mweupe, uzito kilo 19, na macho yalikuwa na ukungu wa buluu. Watu wengi wakiuona ukungu ule husema mbwa amepofuka. Daktari aliwasha tochi akatuonyesha kwamba lenzi zimekomaa kwa uzee tu, mwanga unapita, na Simba anafuata kidole bila shida. Niliandika hilo kwenye faili kwa herufi kubwa, kwa sababu ndilo jambo la kwanza ambalo wageni huliuliza.

Kupe walijaa masikioni na katikati ya vidole. Ni kupe yule wa kahawia wa mbwa, anayeweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyufa za ukuta na chini ya banda bila kumhitaji ng'ombe wala pori. Ndiye anayeeneza erlikia, ugonjwa unaopunguza chembe za kugandisha damu, na ndiyo maana pua ilikuwa ikivuja. Kipimo kilithibitisha. Ujazo wa chembe nyekundu ulikuwa asilimia 24, wakati mbwa mzima mwenye afya huanzia kama 37. Akaanzishiwa doksisaiklini kwa siku 28. Wiki ya kwanza mhudumu wetu alikuwa akimpa kidonge kwenye maziwa. Daktari akakataza, kwa kuwa kalsiamu ya maziwa huishika dawa hiyo tumboni na sehemu yake haifiki kwenye damu. Tukahamia kwenye tonge la ugali lililofichwa kipande cha ini.

Nyonga zote mbili zilikuwa na baridi yabisi ya siku nyingi. Meno mawili yalikuwa yanacheza, nayo yakasubiri hadi Oktoba damu ilipopanda, akang'olewa akiwa kwenye dripu.

Halafu figo. Kreatinini, taka ya mwili ambayo figo zikidhoofika hujaa kwenye damu, ilikuwa mikromoli 168 kwa lita, na wiki tatu baadaye 172. Madaktari wa wanyama hupanga ugonjwa wa figo wa mbwa katika madaraja manne, na la pili ni kuanzia 125 hadi 250. Mkojo wake ulikuwa mwepesi kama maji hata ule wa alfajiri, ambao kwa kawaida huwa mzito. Erlikia ya muda mrefu inaweza kuwa ndiyo iliyoziharibu, au uzee, au vyote viwili. Daktari alisema jambo moja ambalo nililisikia lakini sikulibeba: kipimo hiki hupanda pale ambapo takriban robo tatu ya uwezo wa figo umekwisha kupotea. Mbwa anayekula, anayetembea na anayetikisa mkia anaweza kuwa amebakiwa na robo tu.

Siku ya makabidhiano

Kufikia Desemba Simba alikuwa na kilo 24 na damu imerudi hadi asilimia 35. Watu saba walikuwa wameshakuja kumtazama. Wanne waliondoka na watoto wa mbwa. Kijana mmoja alimpenda sana, akakaa naye chini ya mti karibu saa nzima, lakini aliposikia neno figo alisimama. Alisema mama yake anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na hawezi kutoka hospitali akarudi nyumbani kukuta ugonjwa uleule. Sikuwa na la kumjibu. Ila tangu siku ile nilianza kulipunguzia makali neno hilo, na nadhani kisa chote hiki kinaanzia hapo.

Mama Rehema alikuja Januari. Alikuwa muuguzi, amestaafu muda si mrefu kwa umri wa miaka 60, anaishi na mjukuu wake Baraka wa miaka 8 na dada wa kazi, Zaina. Alitaka mbwa wa kubweka usiku. Nilipomwonyesha watoto wa mbwa alitikisa kichwa: "Mwanangu, mtoto wa mbwa nitamlea lini? Nimelea wa kwangu, sasa nalea wa binti yangu. Nipe mtu mzima mwenzangu."

Nilimpeleka kwa Simba. Nikamwambia miguu ina baridi yabisi, na figo "ni za kuangaliwa kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" aliuliza.

Nikasema asipewe chumvi, na apimwe kila baada ya miezi 6. Gharama nilimwambia ni kama shilingi 40,000 kwa mwezi, ambazo zilikuwa za chakula na dawa ya kupe, basi. Karatasi aliyoondoka nayo ilikuwa na tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa, tarehe ya dawa ya minyoo na namba ya simu ya kliniki. Majibu ya damu yalibaki kwenye faili letu, kabatini.

Miezi mitano ya mwanzo

Fundi alikuwa amejenga banda zuri nyuma ya nyumba, lenye kivuli na sakafu ya mbao. Simba hakuligusa. Siku mbili hakula, alilala getini. Jirani mmoja alishauri afungwe mnyororo bandani hadi azoee. Mama Rehema alikataa, akanipigia simu, nikamsimulia habari za ile nguzo. Siku ya tatu aliita vijana wawili wakabeba banda na kuliweka kando ya geti. Simba aliingia jioni ileile, akala.

Ndani, sakafu ya marumaru ilikuwa mtihani. Kila alipojaribu kupita sebuleni miguu ya nyuma ilifunguka kila mmoja upande wake, akaishia kukaa. Baraka aliomba mabaki ya zulia kuukuu, akayapanga njia kutoka mlangoni hadi kwenye kona yake. Kucha zilikatwa. Mambo mawili madogo, na mbwa akaanza kutembea kwa kujiamini.

Chakula nilikigundua kwa bahati, kwa kuwa mwezi Februari nilifika kuwatembelea saa ya mlo. Simba alikuwa anapewa ugali kwa mchuzi wa dagaa, mifupa ya bucha, na mabaki ya mchuzi wa nyama wa jana. Kwa mbwa mwenye figo nzima, mifupa na dagaa vingesameheka. Kwa Simba vilikuwa mzigo: dagaa huliwa pamoja na mifupa yake, na mifupa ina fosforasi nyingi ambayo figo mbovu hushindwa kuitoa. Juu yake kuna chumvi iliyokaushiwa dagaa. Mchuzi nao ulikuwa na vitunguu, ambavyo huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa, na huyu alikuwa ametoka kwenye upungufu wa damu juzi tu. Mama Rehema alisikiliza, kisha akasema kwa upole, "Haya hukuniambia." Kweli sikumwambia. Daktari akapanga wali, malenge ya kuchemsha, nyama kidogo isiyo na mfupa na ute wa mayai, kila kitu kwa vipimo vya kikombe.

Nakaa kidogo kwa Zaina, maana kisa hiki hakielezeki bila yeye. Zaina ni Mwislamu, amekulia pwani ya Tanga kwenye madhehebu ya Shafi. Kwake mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Siku Simba alipofika alimwambia mwajiri wake wazi: "Mama, mimi nitafanya kazi zote, ila bakuli la mbwa sitalishika." Mama Rehema ni Mlutheri, na nyumba nyingi jambo hili lingezua manung'uniko ya chinichini. Yeye alikaa naye wakapangiana. Baraka akapewa bakuli na brashi, na bomba la nje ndilo la kuoshea. Kamba ya kuanikia nguo za Zaina za swala ikahamishiwa upande wa pili. Simba akafundishwa kuishia kwenye kizingiti cha jikoni. Maji ya kunywa ya mbwa Zaina aliyamimina yeye, kwa jagi, kutoka juu, bila kugusa kitu.

Kwenye mtaa wao maji ya bomba hutoka siku moja na kukatika siku inayofuata. Zaina ndiye anayepanga maji ya nyumba nzima, kwa hiyo kila jagi la lita moja alilommiminia mbwa aliliwekea alama ya mkaa kwenye ukuta wa stoo. Januari zilikuwa alama mbili kwa siku. Mwanzoni mwa Juni zilikuwa tatu, siku nyingine nne. Mbwa wa kilo 24 anayekunywa zaidi ya lita mbili na nusu kwa siku anasema jambo kuhusu figo zake. Alama zilikuwa pale ukutani, kila mtu anapita. Zaina hakuna aliyemwambia zina maana gani, na mimi sikujua kwamba zipo.

Siku nne za Juni

Juni Arusha ina baridi ya ukungu, jua linaweza kuchelewa hadi saa sita mchana. Ijumaa asubuhi Simba alishindwa kuinuka. Aliguna, akalaza kichwa. Mama Rehema alipiga simu kliniki, daktari alikuwa vijijini kwenye kazi ya ng'ombe, hapatikani.

Kwenye droo alikuwa na diklofenaki za miligramu 50, alizoandikiwa kwa ajili ya goti lake. Alifikiri kama muuguzi. Simba ana kilo 24, Baraka ana kilo 25. Akakokotoa dozi ya mtoto kwa uzito, ikatoka nusu kidonge asubuhi na nusu jioni, baada ya chakula. Hesabu yake, kwa mtoto, ilikuwa sawasawa.

Jumamosi mbwa alisimama, akala, akamfuata Baraka hadi getini. Jioni nilipata ujumbe wake: "Miguu ilikaza, nimempa dawa ya maumivu, anaendelea vizuri." Nilijibu, "Mungu ni mwema, mama." Sikuuliza ni dawa gani.

Jumapili Simba aliacha chakula. Nusu kidonge ya asubuhi aliimeza tumbo likiwa tupu. Zaina alipokuwa akifagia uwanja aliona kinyesi cheusi, kinachong'aa, karibu na stoo ya mkaa. Mbwa alikuwa anapenda kulala pale kwa kuwa pana joto, kwa hiyo alidhani amelamba vumbi la mkaa. Akakizoa kwa koleo, akaendelea na kazi.

Jumatatu kabla hakujapambazuka Simba alitapika kitu cha kahawia kama machicha ya kahawa. Mama Rehema alikuwa jikoni na kikombe cha chai mkononi Zaina alipouliza, "Mama, hivi mbwa anakula mkaa siku hizi? Jana choo chake kilikuwa cheusi ti." Aliniambia baadaye kwamba hakumbuki kikombe alikiweka wapi. Choo cheusi alikuwa amekiona kwa wagonjwa zaidi ya miaka 30, alijua ni damu iliyotoka tumboni. Saa moja asubuhi walikuwa kwenye bajaji, Simba amelazwa juu ya khanga.

Maamuzi ya kliniki

Kreatinini ilikuwa 412. Damu imeshuka hadi asilimia 22. Ngozi ya shingo ukiivuta ilibaki imesimama, dalili kwamba mwili umekauka maji.

Daktari alitueleza kilichotokea, nami nakieleza hapa kwa sababu dawa hizi zimejaa majumbani. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake huzuia kemikali inayoleta maumivu. Lakini tumbo hutumia kemikali za jamii hiyohiyo kujikinga na asidi yake lenyewe, na figo huzitumia kuhakikisha damu ya kutosha inapita ndani yake. Mbwa huathirika kwa dozi ambazo binadamu huzivumilia. Zipo dawa za jamii hii zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kama kaprofeni, na hata hizo daktari alikuwa amekusudia kutompa Simba kwa sababu ya figo zake. Kusudio hilo lilikuwa kichwani mwa daktari na kwenye faili letu. Mama Rehema hakuwa nalo.

Kisha akatuuliza bila kuzunguka: tuendelee au tumpumzishe? Mama Rehema aliuliza maswali ambayo mimi nisingeyajua. Anakojoa? Ndiyo, kidogo. Je, sehemu ya madhara haya ni mapya, inayoweza kurudi? Inawezekana. Anaumwa sasa hivi? Tunaweza kumtuliza. Wakakubaliana mpaka kabla ya kuanza: akikaa saa 24 bila mkojo, au namba ikizidi kupanda baada ya saa 48 za dripu, wanaacha. Uamuzi huo ulifanywa watu wakiwa na akili tulivu, na kila mmoja akajua anasubiri nini. Mbwa kijana wa kituo alipimwa akawekwa tayari kutoa damu endapo ingeshuka chini ya 20. Haikushuka.

Alikaa siku nne kwenye dripu, na dawa za kulinda tumbo na kuzuia kutapika. Kreatinini ikateremka hadi 268. Siku ya tatu Baraka aliletwa baada ya shule, na Simba aliinua kichwa kabla mtoto hajaingia mlangoni.

Bili ilikuwa shilingi 410,000. Mama Rehema aliweka 150,000 mezani na kusema zilizobaki atalipa kidogokidogo kwenye pensheni. Kituo kililipa zilizobaki. Kuna waliopinga kwenye kikao chetu, wakisema fedha hiyo ingefunga uzazi wa mbwa kadhaa, na hoja yao haikuwa ya kupuuza. Nilisimamia malipo hayo kwa sababu moja: sisi ndio tuliokuwa na taarifa ambayo ingezuia bili.

Mwaka uliofuata

Namba ilitulia kwenye 236. Yaani kile alichokuwa nacho Januari hakukipata tena.

Maumivu yalishughulikiwa upya. Alipewa gabapentini kwa dozi iliyopunguzwa, kwa kuwa nayo hutolewa na figo. Daktari alisisitiza vidonge vya kapsuli, kwa sababu baadhi ya dawa za maji za watu hutiwa sukari ya zailitoli ambayo ni sumu kwa mbwa. Mengine yalifanywa nyumbani: godoro la kiroba lililojazwa nguo kuukuu, chupa ya maji moto iliyofungwa khanga miezi ya baridi, na matembezi ya dakika 10 mara mbili kwa siku badala ya moja refu. Damu ilipimwa kila miezi 2. Gharama halisi ilikuwa kama 110,000 kwa mwezi, karibu mara tatu ya niliyotaja.

Zaina alinunuliwa daftari. Aliandika majagi, kinyesi kina rangi gani, na kama mbwa amemaliza chakula. Alifanya hivyo kwa umbali uleule wa hatua kumi. Mara mbili daftari lake liliwaleta kliniki kabla ya tarehe, na mara zote mbili dripu ya siku moja ilitosha.

Simba aliishi miezi 13 baada ya ile Juni. Julai ya mwaka uliofuata aliacha kula, vidonda vikatoka mdomoni, pumzi ikawa na harufu kali ya mkojo. Safari hii swali la daktari lilikuwa na jibu tayari. Alimfuata nyumbani, akamchoma sindano akiwa amelala kando ya geti, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya Mama Rehema. Kaburi lilichimbwa refu kupita kifua cha mchimbaji, kwa sababu dawa ile hubaki mwilini na inaweza kumuua mbwa au ndege atakayefukua mzoga. Zaina alisimama kwa mbali kama kawaida yake. "Hakuwa na makuu, huyu," alisema.

Uchambuzi

Kosa kubwa ni langu, nalo ni lile neno. Nilisema "kidogo" kwa sababu watu saba walikuwa wameondoka, na kwa sababu nilimpenda mbwa yule na kutamani atoke. Nilidhani namfungulia mlango. Nilichofanya ni kumpa mlezi mwenye ujuzi wa miaka 30 nusu ya habari, na ujuzi wake ukafanya kazi juu ya nusu hiyo. Mtu asiyejua dawa pengine angesubiri hadi Jumatatu. Anayejua dawa za binadamu ndiye anayehitaji kuambiwa kwa mkazo zaidi kwamba mwili wa mbwa si mwili wa mtoto wa uzito uleule. Sijawahi tena kumkabidhi mbwa kwa muuguzi, mfamasia au daktari bila kukaa naye juu ya jambo hilo peke yake.

Baadaye nilimuuliza Mama Rehema kama angemchukua Simba endapo ningemweleza yote. Alifikiri kwanza. "Ningemchukua," alisema, "ila ningekuuliza maswali ishirini. Nimewapa watu habari za figo maisha yangu yote. Na mimi ungenipa." Sentensi hiyo bado inaniuma.

Kosa la pili ni lile jibu langu la Jumamosi. Mlezi aliripoti, ripoti ilifika, na aliyeipokea akashukuru badala ya kuuliza. Dozi ya tano, ile ya tumbo tupu, ingezuiwa kwa maneno mawili: dawa gani?

La tatu ni Zaina. Makabidhiano tulimfanyia mwenye nyumba, kama kawaida, tukamruka mtu anayekaa uwanjani kutwa. Nyumba nyingi zetu ziko hivyo: aliyetia saini hayupo mchana, na anayemwona mbwa akikojoa, akinywa na kuchechemea ni dada wa kazi, mlinzi au kijana wa bustani. Zaina alikuwa ameshapima ugonjwa wa figo kwa mkaa ukutani. Alikuwa ameona damu Jumapili asubuhi, karibu saa 24 kabla ya bajaji. Hakukosa uangalifu, alikosa mtu wa kumwambia nini kinatafutwa. Na wale wanaoamini kwamba nyumba yenye Mwislamu haifai kupewa mbwa wamtazame yeye. Mipaka yake ilisemwa mapema, ikaheshimiwa, na ndani ya mipaka hiyo alikuwa mwangalizi bora kuliko sisi wote.

Yaliyofaa yalikuwa ya aina moja: mtu kumwangalia mbwa huyu hasa na kufuata alichoonyesha. Banda kuhamia getini. Zulia kuukuu juu ya marumaru. Na pale kliniki, kuweka mpaka kabla ya matibabu kuanza. Bila mpaka huo, nadhani tungemwacha siku ya pili kwa hofu, au tungemtesa siku ya kumi kwa matumaini.

Kuhusu fedha sina jibu zuri. Mbwa mzee mwenye figo hagharimu 40,000, na si kila mwenye moyo ana 110,000. Kuna watu kituoni wanaoamini mbwa kama huyu abaki kwetu hadi mwisho. Nimewasikiliza sana. Lakini nikikumbuka jinsi alivyokuwa akilala chini ya nguzo, na jinsi alivyokuwa akilala kando ya geti la Mama Rehema na mtoto akimsomea kitabu cha shule, siwezi kukubaliana nao.

Jambo moja la kitabibu lilitupita moja kwa moja: shinikizo la damu la Simba halikuwahi kupimwa, ingawa figo mbovu hulipandisha na shinikizo nalo huzimaliza figo. Kliniki yetu haikuwa na kifaa. Sasa kipo.

Tulichobadilisha

Karatasi ya makabidhiano imekuwa kurasa tatu. Wa kwanza una majibu ya vipimo kwa namba na maelezo yake kwa Kiswahili cha kawaida, pamoja na gharama ya mwezi iliyohesabiwa na kliniki. Wa pili una dawa zisizoruhusiwa, kwa majina yanayoandikwa kwenye paketi za duka la dawa, na namba za simu za madaktari wawili badala ya mmoja. Wa tatu unabandikwa ukutani kwa ajili ya anayeshinda nyumbani, na mstari wake wa kwanza unauliza leo amekunywa majagi mangapi. Mtu huyo lazima awepo siku ya kumkabidhi mbwa. Mwezi wa kwanza ninatembelea kila wiki, saa ya chakula.

Wanaosikiliza hadi mwisho wamepungua. Hivi sasa tuna jike mzee mwenye kikohozi cha moyo, mwezi wake wa tano kituoni. Watu watatu wameisoma karatasi yake na kuaga kwa heshima. Inasema moyo, inasema 95,000 kwa mwezi, na neno "kidogo" halimo.